AMEKUFA SHAHIDI, NDIYO. LAKINI MAJI YA KUNAWA YALIKUWA WAPI?



Ndugu yangu, andiko la leo ni refu na wapo litakaowakera. Naomba ulisome mpaka chini kabla hujaandika neno.

Ni wachache kati yetu ambao hawajawahi kukaa kwenye msiba wa mama aliyefariki siku chache baada ya kujifungua. Alijifungua salama, akarudi nyumbani, watu wakaja kupongeza. Siku ya tatu homa ikampanda, tumbo la chini likauma, kinachotoka kikawa na harufu. Wakasema ni baridi imemwingia, wakamkanda kwa maji ya moto. Siku ya tano akapakiwa bodaboda hadi kituo cha afya, kutoka hapo hospitali ya wilaya, na huko maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Mtoto akabaki kwa bibi yake. Baada ya mazishi akasimama mtu, na aghalabu ni mmoja wetu sisi wenye kanzu na kofia, akasema: mwenzetu amekufa shahidi, ajali yake ilifika, Waislamu tusihoji mambo ya Mungu. Watu wakaitikia amina, wakatawanyika.

Mimi nasema tuhoji. Hatumhoji Mungu. Tunauhoji mkono uliomzalisha kama ulinawa. Tunaihoji ndoo ya maji iliyokuwa tupu na walioiacha tupu. Na tukimaliza hapo tutajihoji sisi tunaotoa sadaka.

Kwamba mama anayekufa kwa uzazi anapata daraja la shahidi, hilo limethibiti kutoka kwa Mtume (S.A.W.) na hakuna anayelipinga. Lakini daraja hilo ni malipo yake yeye kwa Mola wake. Halimfutii deni aliyesababisha. Sayyidna Umar bin Khattab alikufa shahidi, amechomwa na Abu Lu'lu'a akiwa anaswalisha Alfajiri, mwaka wa 23 Hijria. Nani katika maswahaba alisema basi, aliyemchoma hana kosa kwa kuwa Umar amepata pepo? Hakuna. Mbona tukifika kwenye wodi ya wazazi akili hiyo inatutoka?

Sasa sikiliza kisa ambacho kila mkunga amefundishwa darasani na sisi wa misikitini hatukijui. Mji wa Vienna, Austria, hospitali kuu ilikuwa na wodi mbili za kuzalishia. Ya kwanza walizalisha madaktari na wanafunzi wao. Ya pili walizalisha wakunga. Kati ya 1841 na 1846, wodi ya madaktari walikufa karibu mama 10 katika kila 100. Wodi ya wakunga walikufa chini ya 4. Wanawake wa mji walilijua hilo kabla ya wasomi. Walikuwa wanapiga magoti wakiomba wasilazwe wodi ya kwanza. Alikuwepo daktari kijana, Ignaz Semmelweis, jambo hili likamnyima usingizi. Mwaka 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alijeruhiwa kwa kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa homa inayofanana kabisa na ile ya wazazi. Hapo akaelewa. Madaktari walikuwa wanatoka chumba cha maiti, wanaingia moja kwa moja kuzalisha.

Akaamuru kila mmoja anawe kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Aprili 1847 walikuwa wamekufa mama 18 katika 100. Ilipofika Julai walikuwa chini ya 2. Hakuleta mashine wala hakujenga jengo jipya. Beseni na dawa, basi. Na unajua wenzake walimfanyaje? Wengi walimpinga, hawakutaka kusikia kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyoua. Alipoteza nafasi yake pale hospitalini, na mwaka 1865 akafia kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili, kwa jeraha lililoingia uchafu.

(Na hapa natia neno dogo pembeni: wanazuoni wetu wengi wamempendekezea anayeosha maiti aoge baada ya kazi hiyo. Tumeisoma bab hiyo miaka na miaka. Hatukuwahi kuichukua kutoka kwenye kitabu tukaipeleka mlangoni kwa wodi ya wazazi.)

Najua jibu litakalokuja: "Shekhe, kila kitu ni kadari." Sawa. Turudi kwa Umar huyo huyo. Alikuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akapokelewa na makamanda wake akiwemo Abu Ubayda, wakamwambia tauni imeingia Sham. Akawashauri Muhajirina, akawashauri Ansari, akawashauri wazee wa Kikureshi, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyekuta bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine kame: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Ndipo Abdulrahman bin Auf akaja na mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba tauni ikiwa katika nchi usiingie, na ikikukuta humo usitoke kwa kuikimbia. Uchafu ni kadari. Na sabuni nayo ni kadari. Wewe umechagua upande gani wa bonde?

Wapo wanaoishika ile hadithi inayokanusha kuambukiza, wakaifanya rungu la kuwapigia wahudumu wa afya. Ndugu yangu, hadithi haisomwi peke yake. Mtume huyo huyo alikataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa ngamia wazima. Wanazuoni wameziunganisha: kilichokanushwa ni itikadi ya zama za ujahilia kwamba ugonjwa unakwenda wenyewe bila idhini ya Allah. Kinga haikukanushwa. Anayekuambia vinginevyo mwambie alale kitanda kimoja na mgonjwa wa kipindupindu, kisha tuendelee na darasa.

Kuna kundi jingine, na hili linaniuma zaidi kwa sababu ni watu wa ibada. Anasema: mimi nina udhu muda wote, mikono yangu ni safi. Hapana. Udhu unakuhalalishia swala. Unaweza kuwa na udhu kamili na vijidudu vimejaa chini ya kucha, kwa sababu udhu hauna sharti la sabuni wala la kusugua katikati ya vidole kwa sekunde 40 hadi 60 kama wauguzi wanavyofundishwa. Hivi ni vitu viwili, kila kimoja kina hukumu yake. Ukikosa maji ya swala utatayamamu kwa udongo na swala yako ni sahihi. Lakini tayamamu ni ya swala, si ya kitovu cha mtoto! Udongo huo huo una mbegu za pepopunda, na pepopunda ikiingia kitovuni mtoto mchanga anakakamaa, anashindwa kunyonya, anakufa. Kwa hiyo chumba cha kuzalishia hakina ruhusa ya kukosa maji. Msikiti ukikosa maji sheria imeweka njia mbadala. Labda hukuwahi kuliangalia hivyo.

Na kwa kuwa tumegusa tahara, tumalize na hili la dawa ya kupaka mikononi yenye alkoholi. Nimeulizwa mara nyingi na dada zetu wauguzi: je, ni najisi, inabatilisha udhu, nitapata dhambi? Wengine wanaikwepa kabisa, na pale pale hakuna maji ya bomba, matokeo yake wanakwenda kutoka mgonjwa hadi mgonjwa kwa mikono ile ile. Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu lilikaa Makka, kikao chake cha 16, Januari 2002, likaruhusu alkoholi itumike kwa nje kusafishia majeraha na kuulia vijidudu. Mali, nchi ya Waislamu, mjini Bamako katika hospitali ya Point G, walichanganya dawa hii wenyewe kwa alkoholi inayotokana na miwa. Kabla ya mpango huo wahudumu walikuwa wanasafisha mikono mara 8 tu katika kila nafasi 100 walizotakiwa. Baadaye zikafika karibu 22. Bado ni chache, ndiyo. Lakini waliofanya hivyo ni Waislamu wanaoswali na kufunga kama wewe.

Shirika la Afya Duniani limetoa kanuni yake wazi ili hospitali zisizo na fedha zichanganye zenyewe: kwa lita 10, ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha jazia maji yaliyochemshwa na kupoa. Inakaa saa 72 kabla ya kutumika. Ni kazi ya mfamasia, usijaribu jikoni kwako, inashika moto. Wala pombe ya kunywa haifai kuwa mbadala, nguvu yake haifiki. Asije mtu akaniambia alinawa kwa gongo kwa fatwa yangu. Na mikono ikiwa na damu au uchafu unaoonekana, hapo ni maji na sabuni tu.

Turudi kwenye neno tunalolisikia kila kituo: "Hatuna vifaa." Nalijua, na simlaumu muuguzi mmoja anayezalisha wanawake watatu usiku mmoja kwa mwanga wa simu. Aliyemwacha peke yake ana deni kubwa kuliko lake. Dunia nzima hali ni mbaya: Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisema mwaka 2022 kwamba karibu nusu ya vituo vya afya duniani havina huduma ya msingi ya kunawa, yaani maji na sabuni au dawa ya alkoholi pale mgonjwa anapohudumiwa na pale chooni. Mwaka huo huo shirika hilo likasema katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, 15 hupata maambukizi humo humo hospitalini. Nchi tajiri ni 7. Soma tena. Mtu ameingia na mguu uliovunjika, anatoka na ugonjwa aliopewa wodini, na mmoja katika kila kumi wa hao hatoki hai.

Lakini yapo mambo ambayo umaskini hauyahusu. Kuvaa glovu moja kwa wagonjwa watatu kunamlinda aliyeivaa tu, wagonjwa wanagawana uchafu. Kushika simu kwa mkono wenye glovu kisha ukamrudia mzazi, hilo nalo ni bajeti? Glovu yenyewe haiondoi wajibu wa kunawa, unanawa kabla na unanawa baada ya kuivua. Pete, saa na bangili zivuliwe, kucha ziwe fupi. Bomba la sindano ni la mtu mmoja mara moja, kisha linaingia kwenye kisanduku cha usalama bila kulivisha kifuniko, na kisanduku kikijaa robo tatu kinafungwa. Damu ikimwagika sakafuni, futa kwanza, halafu mwaga klorini ya asilimia 0.5. Ile ya dukani ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, na ichanganywe upya kila siku kwa sababu ikikaa inachoka. Madirisha yafunguliwe, kifua kikuu kinapenda chumba kilichofungwa. Haya yote hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kama unadhani natia chumvi kuhusu sindano, nenda Kongo mwaka 1976, wakati huo ikiitwa Zaire. Hospitali ya misheni ya Yambuku wauguzi walikuwa wanapewa mabomba ya sindano matano kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku, yakisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ebola ikaingia. Wajawazito waliokuja kliniki kwa sindano tu wakaondoka nayo. Wahudumu 11 kati ya 17 wakafa, hospitali ikafungwa. Kwa jumla walikufa watu 280. Na Misri, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliwadunga mamilioni ya wanavijiji sindano za kichocho. Nia ilikuwa njema kabisa. Mabomba ya kioo yalirudiwa bila kuchemshwa ipasavyo, na ugonjwa wa ini aina ya C ukasambaa mpaka Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani. Mwaka 2018 walilazimika kuanza kupima makumi ya mamilioni ya watu kusafisha balaa la babu zao. Sisi tunaopenda kusema "Allah anaangalia nia", tujue nia njema haikuzichemsha zile sindano.

Fiqhi yetu haikuliacha hili hewani. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba anayetibu watu bila kujulikana kuwa ana elimu ya tiba anabeba dhamana ya alichoharibu. Na mwenye elimu akaacha kwa uzembe anachokijua, wanazuoni wanamhesabu amevuka mpaka, naye anadaiwa. Kwa hiyo, dada yangu muuguzi, kaka yangu tabibu, unapopita kitanda hadi kitanda bila kunawa na dawa ya mikono iko mezani, usitegemee kwamba watu wakisema "kazi ya Mungu haina makosa" jambo limeisha.

Sasa zamu yetu, wenye mifuko. Tembea pwani yetu hii uhesabu visima vya udhu vilivyochimbwa na wafadhili, vyenye vibao vya marumaru na majina ya marehemu. Allah awalipe. Mara ngapi umekuta msikiti una mabomba kumi na mawili yanayotiririka, na zahanati iliyo umbali wa kutupa jiwe mama anaambiwa aje na ndoo yake ya maji, glovu zake, pamba yake na wembe wake? Tunaagiza mazulia, tunabadilisha taa za dari zilizokuwa bado zinawaka, tunasema ni sadaka inayoendelea. Sayyidna Uthman alinunua kisima cha Ruma akakifanya wakfu wa Waislamu wote wanywe. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali Cairo, akaiwekea wakfu wa kuiendesha, ikawa na kumbi za mbali mbali, wenye homa kwao, wenye macho kwao, wenye majeraha kwao, na maji yakitiririka ndani. Hiyo ni miaka zaidi ya 500 kabla ya Semmelweis. Tunajisifu nayo kwenye mihadhara. Tumeirithi sifa, wakfu tumeuacha.

"Hiyo ni kazi ya serikali, tunalipa kodi." Kweli, na haki yetu tuidai, tena kwa sauti. Diwani akija kuomba kura mwulize kuhusu bomba la zahanati kabla ya barabara. Lakini mama wa wiki ijayo hasubiri bajeti ya mwaka ujao. Barabara ya kwenda msikitini nayo ni kazi ya serikali, mbona tukiona shimo tunajaza kifusi wenyewe?

Na wewe unayekwenda kutazama mgonjwa: kumzuru ni sunna, kumkalia kitandani si sunna. Nawa unapoingia na unapotoka. Una kikohozi, tuma salamu. Watoto wabaki nyumbani.

Ninachokutaka Ijumaa hii ni kidogo. Ukitoka msikitini usiende moja kwa moja kwenye pilau. Pita zahanati ya mtaani kwako, watu wawili au watatu, kwa heshima, umwombe mganga mfawidhi akueleze: chumba cha kujifungulia kina maji leo? Sabuni ipo? Paa la bati lina mifereji ya kuvunia mvua, na tangi liko wapi? Dawa ya mikono iliisha lini? Shimo la kondo la nyuma lina mfuniko? Usiende na kamera, usimfedheheshe, huenda yeye ndiye anayenunua sabuni kwa mshahara wake. Kama hata ndoo yenye koki hakuna, hiyo unainunua siku hiyo hiyo. Chooni, kibuyu chirizi cha dumu na kamba kinatengenezwa na vijana wa madrasa kwa nusu saa. Tangi na mifereji ni hesabu ya michango ya Ijumaa chache.

Kisha ulizia kamati ya zahanati. Ina wajumbe kutoka kwa wananchi, na sehemu nyingi nafasi hizo zinajazwa na yeyote aliyekuwepo siku ya mkutano. Pelekeni mtu anayejua kuhesabu. Kazi yake iwe moja: kila mwezi aje asome msikitini, baada ya swala, chumba cha kujifungulia kilikaa siku ngapi bila maji.

Wabillahi tawfiiq.